Niliisingizia Dini kwa Ajili ya Maini

Nimekosa, jamani, na kosa langu linanuka vitunguu.

Mimi ni mzee wa hapa Ibra, Omani, nimesomesha Kurani miaka na miaka. Watu huniuliza mambo ya dini. Walikuwa wakiniuliza, nataka kusema.

Idi Kubwa iliyopita mke wangu alikuwa akiumwa na goti. Nikamwambia, "Kaa, maini ya mwaka huu napika mimi." Kwetu, mbuzi akishachinjwa, maini ndiyo yanayotangulia. Yanakaangwa upesi, watu wanafungua kinywa.

Lakini mjukuu wangu Shamsa alikuwa kanionyesha video. Bibi mmoja wa Kiyahudi, kajifunga kilemba, anatengeneza maini ya kwao: anayachoma mpaka yatoke damu yote, kisha anayakatakata pamoja na mayai ya kuchemsha na vitunguu vilivyoiva kwa mafuta ya kuku. Chakula cha Watu wa Kitabu, na mbuzi wangu mwenyewe! Sikuona tabu.

Tabu ni kuwa maini hayo hayaliwi moto. Lazima yapoe kwenye friji, yashikane, ndipo yapakwe kwenye mkate.

Tumeshaswali, tumeshachinja, watu wana njaa. Halua iko kwenye sinia, inawatazama. Nikaogopa: wakishiba halua, nani atayasifu maini yangu? Nikakohoa kama niko juu ya mimbari.

"Asiguse mtu kitu! Sunna ni kuanza na nyama ya dhabihu."

Sunna hiyo ni ya mwenye kuchinja, na akiiacha hana dhambi. Nilijua! Nilijua kuliko wote mle ndani, nikanyamaza.

Dada yangu mkubwa, Zuwena, kaja kutoka Sur. Ana sukari, na sindano yake ya kabla ya chakula keshapiga, akijua maini hayachelewi.

"Bwana mdogo, maini yako wapi?"

"Yanapoa, dada."

"Yanapoa mpaka lini? Mbuzi mwenyewe keshapoa!"

Mke wangu akadakia kutoka kitini, "Yaache, dada, yako edani."

Wakacheka. Nikaenda kuyatazama maini yangu, nikayaongeza chumvi, nikayaonja. Ndiyo, niliyaonja! Niliporudi, dada kaegemea ukuta, jasho linamtiririka, maneno hayatoki. Ya Rabbi! Shamsa ndiye aliyemtia halua mdomoni kwa kidole. Mimi nimesimama na bakuli langu, mwanachuoni mzima!

Alipopata nafuu nikaungama mbele ya wote, machozi yakinitoka. Dada akaninyooshea mkono.

"Hebu nionjeshe, nijue nilitaka kufa kwa kitu gani."

Akaonja. Akatafuna taratibu.

"Matamu," akasema. "Na hilo ndilo linaloniudhi."

Alhamdulillahi, Mungu kanibakishia dada. Alichonichukulia nilistahiki. Juzi nilimkataza Shamsa kula kwa mkono wa kushoto. Zamani angeuhamisha mkono hapo hapo. Safari hii alinitazama kwanza.

"Babu, hii ni dini au ni maini?"

Astaghfirullah! Ni dini, nikaapa. Akacheka, akampigia simu dada yangu kule Sur kuhakikisha.

Wazee wenzangu, ukikushikeni uchu wa kusifiwa, semeni wazi: "Jamani, nisubirini, nataka sifa." Wenye afya watakusubirini kwa mapenzi. Wagonjwa wapeni halua.