Mbuzi wa Kusafisha Duara

Mwanaharusi hakuwa na ugomvi na mchezo wa kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na Mashimba, na ulikuwa umeshatimiza miaka kumi na mmoja siku ile kompyuta za Chirag ziliposhushwa Igoma.

Huyo Chirag ndiye mwenye ukumbi wa mchezo huo. Babu yake, mzee Vasant, aliuza vitenge katika chumba hichohicho mpaka nguvu zikamwisha. Mjukuu aliona biashara ya vitambaa haiendi, akaziacha rafu za babu ukutani, akapanga kompyuta sita juu ya meza ndefu ya kupimia vitenge, na akaweka mchezo ambao watu wazima wa Igoma waliupenda kuliko mpira. Unapewa dunia nzima, ina milima, misitu na ziwa, na unapewa sururu mkononi. Hakuna anayekuambia ufanye nini. Ukitaka kujenga, jenga. Ukitaka kufuga, fuga. Ila ukitaka kitu chochote cha maana, lazima ushuke chini ukatafute madini. Na wote mnaokaa kwenye meza ya Chirag mnaishi katika dunia moja na mnaonana.

Sasa wape watu wa Kanda ya Ziwa dunia nzima na sururu, halafu uone kama kuna atakayefuga. Wote walichimba. Mashimba, mchomeleaji mageti aliyekwishapita miaka sitini, alikuwa anafunga karakana yake saa kumi jioni na kuja moja kwa moja na Maige, fundi wake. Zamani Mashimba alikuwa na duara lake la dhahabu, yaani shimo refu la kushuka kwa ngazi, na Maige alikuwa mchimbaji wake. Ndani ya mchezo wakachimba duara lingine, wakaliwekea ngazi za magogo, na Mashimba akajifanya bosi tena. Hakuna aliyempigia kura.

Mwanaharusi ni fundi cherehani, mlango wa pili kutoka hapo. Anashona sare za shule. Siku ya kwanza aliingia kwa Chirag kupima vitambaa vya kufunikia kompyuta zisiingie vumbi, na mtu wa kwanza kumwona ni Mashimba.

"Mama Nasma!" Mashimba akamwita kwa jina la bintiye. "Za siku nyingi! Kumbe uko Igoma?"

Kwa macho makavu kabisa. Kama vile mara ya mwisho waliagana kwa chai.

Kwa hiyo ni lazima nieleze waliagana vipi, la sivyo utadhani mwanamke huyu ana hasira za bure.

Kwa miaka kumi na minne Mwanaharusi aliponda mawe kwenye machimbo ya ng'ambo ya ziwa, huko ndani ndani ya Sengerema. Wanaume wanashuka duarani na kupandisha viroba vya mawe, na wanawake wanakaa juani na vinu vya chuma wanatwanga mpaka jiwe liwe unga. Malipo yao ni kifusi, yale mabaki ambayo bosi ameshayapekua akaona hayana kitu. Mwanamke hashuki duarani. Akishuka, dhahabu inakimbia. Ukiuliza nani ameiona ikikimbia, unaambiwa wewe mgeni wa mambo haya. Wanawake wanatwanga jua lote, mikono inachubuka, vifua vinajaa vumbi, na dhahabu haiogopi hata kidogo kupita mikononi mwao. Inawaogopa wakiwa kwenye ngazi tu.

Lakini ukiyaponda mawe miaka kumi na minne, utayajua. Mwanaharusi aliona viroba vya Mashimba vinabadilika: jiwe jeupe linapungua, kutu inazidi kwenye mawe yanayotoka upande wa mashariki. Akamwambia, "Bosi, mkanda wa dhahabu unageuka. Unaelekea mashariki." Mashimba akamjibu kwamba kazi yake ni kinu.

Wiki ileile tochi ya Maige ilizimika akiwa chini. Akapiga kelele. Kamba ya viroba ilikuwa imekatika, bosi alikuwa amekwenda kuinunulia nyingine, na juu hapakuwa na mtu isipokuwa Mwanaharusi. Angefanya nini? Alishuka ngazi tatu, tatu tu, akanyoosha mkono, akampa Maige tochi yake mwenyewe. Maige akapanda salama.

Mwezi haukuisha, dhahabu ikakatika. Mashimba alikuwa anafuata magharibi, na magharibi hakukuwa na kitu. Badala ya kujiuliza anachimba wapi, akauliza nani amekanyaga ngazi. Maige, mtu aliyetolewa gizani, akasema. Basi jumba bovu likamwangukia Mwanaharusi. Akaambiwa alete mbuzi wa kusafisha duara. Alikuwa na mbuzi mmoja duniani, akamleta. Wakamchinja, damu wakaimwaga mdomoni mwa duara, nyama wakala. Yeye hakupewa hata kwato. Kesho yake akaambiwa afungashe.

Habari zilimtangulia kila machimbo. Nani atampa kinu mwanamke aliyekimbiza dhahabu? Akavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga na Nasma mgongoni na mchi wake wa chuma kwenye kikapu. Mchi huo ndio unaozuia mlango wa karakana yake ya cherehani usipigwe na upepo. Na kuna jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata Nasma. Siku nyingine, akiwa anakunja sare, swali lilikuwa linamjia: je, kama kweli ni mimi? Hilo ndilo lililomuuma kuliko mbuzi. Watu walikuwa wameingiza uongo wao hadi ndani ya kichwa chake, ukakaa humo bila kulipa kodi.

Kwa hiyo siku ile ya kupima vitambaa alitaka kupima na kuondoka. Lakini jicho halikumsikiliza. Kwenye kioo cha Mashimba aliona ukuta wa mwamba, na kwenye ukuta jiwe jeupe, na pembeni ya jiwe jeupe alama ya kutu. Waliotengeneza mchezo ule walikuwa wamewahi kuyatazama mawe vizuri. Mashimba alikuwa ameupa ukuta huo mgongo, anachimba kwingine.

"Geuka nyuma yako," Mwanaharusi alisema. "Hapo penye kutu."

Maige akajaribu. Sururu ya nne, chuma kikatoka, kingi, kimepangana ukutani.

Kuanzia hapo hawakumwacha. Kila saa kumi ilikuwa "Mama Nasma, njoo ututazamie," naye anakuja na utepe wake wa kupimia shingoni, anaonyesha, wanachimba, wanashangilia, wanajaza masanduku yao. Ahsante hakuna. Umeiona kazi hiyo? Ni kinu kilekile, ila mara hii yuko kivulini.

Baada ya wiki mbili alichoka. Akamwomba Chirag ampe kiti chake.

"Shikamoo mama, karibu," Chirag alisema, akamfundisha. "Vidole hivi vinatembea. Huu mkono unachimba. Ukianguka kwenye moto wa chini, umekufa, unaanza upya."

Akajitengenezea mtu wake, mwanamke mwenye gauni jekundu. Akatembea juu ya ardhi siku nne akisoma miamba, mpaka Jumanne akaona dalili ya mawe ya buluu. Hayo ndiyo madini ambayo duara zima la Mashimba lilikuwa halijawahi kuyapata. Mkanda ulikuwa unapita chini ya duara hilohilo. Jumatano, saa kumi, yule mwanamke mwenye gauni jekundu akasimama kwenye mdomo wa shimo.

"Wewe subiri juu," Mashimba alisema. "Tuonyeshe tu, sisi tutashuka."

"Kwa nini?"

"Si unajua. Yatakimbia."

Mwanaharusi alidhani anatania. Akamwangalia usoni. Hakuwa anatania! Mzee mzima, amekaa mbele ya kompyuta, waya umechomekwa ukutani, anaogopa mchoro wa mwanamke ukanyage mchoro wa ngazi.

"Yakimbilie wapi?" aliuliza. "Yatoke kwenye waya yapande daladala za Musoma?"

Chirag akajaribu kusaidia. "Mzee wangu, hii ni hesabu tu. Mawe yalishapangwa siku dunia hii inaanza. Hayawezi kusogea."

"Hata Mungu aliyapanga mara moja tu," Mashimba akajibu. "Na bado yanakimbia."

Mwanaharusi hakubishana. Akashuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne, ambayo hakuwahi kuikanyaga maishani. Akaenda mpaka chini, akageuka mashariki, akachimba. Mawe ya buluu yakamtokea ukutani yakiwa bado ndani ya mwamba, kabla ya mkono wa mwanaume yeyote. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameyaona madini ndani ya viroba tu. Akachimba kumi na saba, akayapandisha, akayaweka kwenye sanduku la wote.

Nusu saa baadaye umeme ukakatika. Betri ya akiba ya Chirag, ambayo huwa anaisifia kwa kila mteja, haikushika hata dakika moja. Umeme uliporudi wakafungua mchezo, wakafungua sanduku. Tupu.

Mashimba akaegemea kiti, akakunja mikono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

"Nilisema," akasema. "Yamekimbia. Mama Nasma, hujifunzi. Sasa leta mbuzi tusafishe duara. Si wako wengi pale bondeni?"

Alimaanisha mbuzi wa ndani ya mchezo. Lakini Mwanaharusi alimwona yule mwingine, wa kweli, akivutwa kwa kamba.

"Rudia," alisema.

Mashimba akageukia kioo chake.

"Rudia, Mashimba! Umekula mbuzi wangu mmoja, hujashiba, unataka na wa kwenye kompyuta?"

Chirag alisimama katikati yao, mikono juu. "Jamani, makosa ni yangu. Huwa naihifadhi dunia mara moja kwa siku, usiku nikifunga. Umeme ukikatika, kila kitu kinarudi kilivyokuwa jana. Mawe hayajakimbia. Jana yalikuwa hayajachimbwa."

"Maneno ya dukani hayo," Mashimba alisema.

"Kama kila kitu kimerudi jana," Mwanaharusi alisema taratibu, "basi na mawe yamerudi ukutani."

"Ndiyo, mama. Lazima."

Akakaa tena kwenye kiti. Wote wakaja nyuma yake, hata waliokuwa wanacheza mambo mengine. Na sasa nisiwadanganye: aliogopa. Chirag alisema lazima, lakini Chirag hakuwepo kule ng'ambo. Je, akifika na kukuta mwamba mtupu? Mbele ya watu wote hawa, na mbele ya Mashimba? Akashuka ngazi polepole. Akageuka mashariki. Sururu moja, kokoto. Ya pili, kokoto. Aliwasikia wanaume wakihema nyuma ya shingo yake. Ya sita, buluu.

Hakuyachimba. Alimsimamisha yule mwanamke mwenye gauni jekundu katikati yao akamwacha hapo, mawe kulia na mawe kushoto.

"Nimo humu," alisema bila kugeuka. "Hesabuni dakika. Yakianza kukimbia mniambie."

Zikapita dakika nyingi, mawe yapo tu. Ndipo Maige akakohoa.

"Mzee," akamwambia Mashimba, "mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Si ulisikia kama nilivyosikia mimi. Wale waliolichukua duara letu." Maige akamgeukia Mwanaharusi lakini macho akayapeleka sakafuni. "Waliipata dhahabu, Mama Nasma. Mashariki. Hatua nane tu kutoka pale tulipoacha. Ilikuwa mwaka uleule."

Mwanaharusi akageuza kiti.

Mwaka uleule! Yaani wakati yeye anazunguka machimbo kwa machimbo anafukuzwa kama mwenye ukoma, hawa wawili walikuwa wanajua. Miaka kumi na mmoja anajiuliza kama ana mkosi, na jibu linachomelea mageti mtaa wa pili, linamsalimia za siku nyingi. Alitaka kupiga kelele, akakuta sauti imeshuka yenyewe.

"Kweli, Mashimba?"

Mashimba aliangalia rafu za mzee Vasant. "Mambo ya zamani, Mama Nasma. Ningekutafuta wapi?"

"Mlipotaka kula mbuzi wangu, mlinitafuta wapi?"

Mashimba akaichukua kofia yake ainuke.

"Namtaka mbuzi wangu," Mwanaharusi alisema. "Si wa kwenye kompyuta. Jumamosi asubuhi, umlete mwenyewe, kwa mkono wako, kwa miguu, kutoka mnadani mpaka mlangoni kwangu. Na yeyote atakayekuuliza unampeleka wapi, umwambie kwa nini. Usipoleta, nitakuja kukaa karakanani kwako na mchi wangu, niwaeleze wateja wako mmoja mmoja."

Jumamosi alimwona tangu mbali. Sasa, Igoma ni mji wa watu wasio na haraka wakiona mzee anaburuta mbuzi. Makonda waliuliza. Wauza nyanya waliuliza. Mafundi wenzake wa kuchomelea walizima mashine zao ili wasikie vizuri. "Mzee, unauza?" "Hapana." "Una sherehe?" "Hapana, ni wa Mama Nasma. Nilimsingizia." "Ulimsingizia nini?" Na Mashimba anasimama, anaeleza, jasho linamtoka, mbuzi anamvuta kamba. Chirag alitoa kiti chake nje. Maige alikuwa nyuma, ameshika mzigo wa majani bila kuombwa.

Walipofika, Mashimba alivua kofia.

"Mama Nasma, mbuzi wako huyu. Nisamehe."

Mwanaharusi aliacha cherehani. Akatoka, akamzunguka mbuzi mara moja, akamshika pembe, akamkagua meno, kisha akainama akaangalia chini ya tumbo. Alikuwa beberu, mnene, mzuri.

"Wangu alikuwa jike," alisema. "Na alikuwa na mimba."

Akaingia ndani, akakaa, akaendelea kushona. Mashimba akamgeuza beberu, akaanza safari ya kurudi mnadani, na pale kwa wauza nyanya wakaanza kumuuliza upya.