Mfanya usafi asiyeugua, na yaya aliyefukuzwa naye

Saa moja kasoro asubuhi, mama wa miaka hamsini na miwili anamwaga dawa sakafuni katika wodi ya wagonjwa wa kutapika na kuhara. Anasubiri dakika kumi, anapiga deki, anasuuza ndoo. Wenzake wanamwita Chuma.

Jina hilo amelipata kihalali. Kwa miaka kumi na tisa, virusi vya tumbo vimewalaza wauguzi, madaktari, hata mlinzi wa getini. Yeye hajatapika hata mara moja. "Wenzangu wakiugua, naitwa mimi," anasema. "Nikajiona kweli chuma."

Mwezi uliopita watafiti walipima mate ya wafanyakazi wote. Majibu yake yamemvuruga kichwa, na mwandishi wa makala haya naye ilibidi aelezwe mara tatu.

"Virusi hivi vikiingia tumboni hushika sukari fulani zilizo juu ya seli za utumbo," anaeleza mtaalamu wa maabara. "Si sukari ya chai, mwili huzitengeneza wenyewe. Mwili wa mama huyu hauzitengenezi hapo wala kwenye mate, kwa hiyo aina nyingi za virusi hivi hazipati pa kushika. Zinapita tu."

Chuma akafurahi. Kisha akauliza kama anaweza kuvibeba. Akajibiwa kwamba kwenye mikono na nguo, ndiyo, kama mtu yeyote.

Furaha ikaingia shubiri. Miaka yote alirudi nyumbani na sare ya kazi, akiamini nguo za mtu mzima wa afya hazina neno. Aliyezifua ni yaya wa mjukuu wake. Mwaka huu yaya aliugua mara tatu, na kila mara mtoto alifuata. Mara ya mwisho mtoto alitundikiwa dripu siku mbili.

"Nilimwambia yaya ni mchafu. Nikamfukuza mimi mwenyewe, majirani wakitazama," anasema, akiikunja sare ambayo sasa huiacha kazini. "Hapo ndipo sielewi. Mimi siumwi, halafu mimi ndiye niliyeleta?"

Mtaalamu anasema hilo haliwezi kuthibitishwa tena. Binti wa Chuma amemsihi aachane nalo. Chuma hataki kubembelezwa.

Jumapili anapanga kwenda kwa wazazi wa yaya, alikorudi baada ya kufukuzwa, akifuatana na majirani wawili walioshuhudia siku ile.

"Habari za sukari nitaeleza nitakavyoweza," anasema. "Asiponielewa simlaumu, hata mimi bado sijaelewa. Lakini ajue hakuwa mchafu."