Divai Iliyotemwa Mbele ya Wakwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niteme divai, nikadhani sikusikia vizuri.

Ilikuwa asubuhi, ndani ya depo moja ya vinywaji mjini Gitega. Mkuu wa Depo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amepanga glasi mezani na kuweka ndoo ya plastiki pembeni. Alimimina divai nyekundu kidogo tu, akanipa. Nilifanya ishara ya msalaba kama nifanyavyo kabla ya kula, nikaonja, nikameza. Akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Mama, apana. We uko naonja, apana meza. Unazungusha mdomoni, halafu ndoo iko hapo."

"Niteme?"

"Eee, tema. Ukimeza zote hizi, saa sita utakuwa naimba."

Nilishtuka, na aliyelelewa kwetu ataelewa kwa nini. Mimi nilikulia Tanzania, ukimbizini, na baba yangu alikuwa katekista. Divai niliijua altareni tu, mahali ambapo tone likidondoka padri huinama kulifuta. Na nyumbani nilijua jambo la pili. Warundi tunaliita gusogongera: mwenye kinywaji huonja kwanza, akameza, mgeni akimtazama, ili mgeni ajue kwamba hapana sumu. Anayetema kitu anachompa mwenzake amemwambia wazi kuwa anamtakia kifo. Sasa huyu bwana alitaka niteme, tena kwenye ndoo.

Jioni ile nilikwenda kwa paroko wangu kumuuliza kama kazi hiyo ni dhambi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ile ya altareni ni Damu. Hii ya depo ni zabibu na jasho la watu. Usizichanganye, lakini zote mbili zishike kwa heshima." Kesho yake nilirudi kazini, nikatema. Namshukuru Mungu kwa jibu lile, maana lilinilisha mimi na mtoto wangu Goreti mpaka nilipostaafu.

Divai tulizouza hazikuwa za matajiri. Nyingine zilitoka Dodoma, zikapita mpakani Kobero katika maboksi na chupa nyepesi. Nyingine zilitoka mbali zaidi, lakini zote zilikuwa za bei ambayo mwalimu au muuguzi anaweza kuifikia siku ya ubatizo au ya komunio. Mji ulivyozidi kukua wateja waliongezeka, na swali lao lilikuwa lile lile: "Mama, hii tutaila na nini?" Kazi yangu ilikuwa kuonja kila mzigo unaoingia na kuwa na jibu la swali hilo.

Aliyenifundisha kujibu ni Bwana Mkaguzi. Alitumwa kwetu kutoka Bujumbura kuangalia ubora wa mizigo, mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kijivu. Ndiye aliyenieleza kuwa divai huitwa kavu si kwa sababu haina maji bali kwa sababu haina sukari. Uchachu ni ule unaokujaza mate, kama wa tunda la maracuja, yaani pasheni. Ukakasi, ambao wenye kazi wanauita tanini, ni ule unaokaza ulimi na fizi kama ndizi mbichi au chai iliyosahauliwa jikoni. Na kizibo kikioza, divai hunuka gunia lililolowa. Hiyo humpi mtu, hata akisema hajali.

Kila siku alinifanya nilete chakula changu cha mchana, kile kile cha nyumbani, tukaonja nacho. Maharage yenye mawese tuliyapa divai yenye uchachu, maana uchachu huyapunguza mafuta mdomoni. Brosheti, mishkaki ya mbuzi, ilipata yenye ukakasi, kwa kuwa nyama na mafuta yake huulainisha ukakasi ukawa kama kitambaa. Chakula chenye pilipili tulikipa divai nyepesi, na tuliipoza kwanza ndani ya ndoo ya maji, maana divai kali juu ya pilipili ni moto juu ya moto. Sombe, majani ya muhogo, ilitusumbua muda mrefu. Siku moja akanipa ndagala, dagaa wakavu waliokaangwa, nikatafuna, akanipa divai nzito nyeusi juu yake.

"Unasikia nini?"

Uso wangu ulijikunja wenyewe. "Chuma. Kama nimelamba jembe."

"Voilà. Divai iko mzima, ndagala iko mzima. Vikikutana mdomoni, inakuwa chuma. Apana sahau, Mama Goreti."

Sikusahau. Jambo jingine nililiona bila kulitilia maanani: yeye hakumeza kamwe. Mwisho wa mwezi, wafanyakazi tulipofungua chupa moja ya furaha, alikunywa Fanta. Nilidhani ni nidhamu ya kazi.

Baadaye Mkurugenzi wa kampuni aliniita ofisini akaniambia nikafungue tawi Muyinga. "Kule wananunua bia," alisema. "Nenda ukawafundishe divai." Nilimjibu kwamba sitawafundisha, nitakula nao kwanza. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu, kisha akasaini barua ya uhamisho.

Muyinga nilipata duka karibu na mchoma brosheti mmoja, Mwislamu mcha Mungu. Bidhaa yangu hakuigusa, wala sikuwahi kumwomba aiguse. Lakini kila siku alinieleza nyama imekaa kwenye nini, tangawizi kiasi gani, limau kiasi gani, nami nilijua cha kumpa mteja atakayepita kwangu na kifurushi cha nyama mkononi. "Mama, wewe uza maji yako ya shida," alikuwa akinitania, "mimi niuzie watu sababu ya kuyanunua." Tulikaa hivyo kwa amani miaka yote.

Ni Muyinga hapo hapo ambapo Goreti wangu alichumbiwa.

Ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifariki angali mgongoni. Kijana aliyemtaka, Dezire, alitoka Gasorwe, katika familia ya wakulima waliorudi kutoka Tanzania kama sisi. Goreti alimpenda tangu shule, na aliniambia waziwazi kwamba akikosa huyo hatatafuta mwingine. Siku ya kupokea mahari, wakwe walikuja wengi, wakiongozwa na babu yake Dezire, mzee aliyenyooka kama mpini wa jembe. Kwa kuwa sikuwa na mume wa kukaa mbele, nilimwomba Bwana Mkaguzi asafiri kutoka Gitega akae kwenye kiti cha baba. Alikubali kwa heshima kubwa. Pombe ya mtama na ya ndizi zilikuwepo, lakini mimi nilitaka wakwe wanywe pia kitu kilichomlea Goreti. Nilichagua divai ya Dodoma, nyekundu, yenye ukakasi, kwa ajili ya mbuzi aliyekuwa motoni.

Mbuzi akachelewa. Akina mama wa jikoni, wakiona aibu wageni wakae mdomo mtupu, wakapitisha sahani za ndagala wa kukaanga. Walifanya kwa wema. Mimi nilikuwa chumbani namfunga Goreti vitambaa vya sherehe, sikuona sahani hizo.

Nilichosikia ni kimya.

Mazungumzo ya watu zaidi ya hamsini yalikatika mara moja, kama redio iliyoishiwa betri. Nilitoka mbio. Bwana Mkaguzi alikuwa amesimama mbele ya wakwe, chupa mkono mmoja, kikombe mkono mwingine. Alikuwa ameonja kama mwenye nyumba anavyopaswa kuonja. Alikuwa ameizungusha mdomoni, macho yamefumbwa, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha akatema ndani ya kikombe, mbele ya wakwe.

Ami yake Dezire, mtu mcheshi, alijaribu kuiokoa siku. "Labda ndivyo wafanyavyo watu wa divai," alisema. Akajimiminia kwenye glasi, akanywa funda moja. Alikuwa ametoka kutafuna ndagala. Niliuona uso wake ukibadilika, na nikajua atasema nini kabla hajasema.

"Ina chuma," alisema taratibu, akaiweka glasi mezani.

Akina mama wakavuta watoto wao. Mtu mmoja akataja sumu kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia. Babu akachukua fimbo yake. "Twendeni," alisema.

Nilieleza. Nilisema ni ndagala, si divai; nilisema vitu viwili vizima vikikutana vinaweza kuzaa ladha mbaya. Babu alinisikiliza, kisha akasema, "Mama, mwenye duka husifu bidhaa yake."

"Basi nipeni, ninywe mimi mbele yenu."

"Wewe hukutema," alijibu. "Aliyetema ndiye ameze."

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Mkaguzi. Niligeuka pia, nikiwa nimepumua, maana niliona jambo limekwisha: funda moja tu, na Goreti ana mume. Lakini aliweka chupa na kikombe mezani.

"Mzee, mi siwezi," alisema. "Goreti iko kama mtoto wangu. Mukitaka kunipiga, munipige. Lakini mi sijameza pombe tangu siku nilimzika baba. Pombe ndo ilimumaliza. Nilimwapia Mungu pale kwa kaburi. Divai naijua kwa ulimi. Kwa koo siijui."

Sijui kueleza mshtuko wangu. Nilifanya kazi na mtu huyo miaka mingi, nimekula naye maharage, nimesali naye kabla ya chakula, na sikujua. Nilimwona Goreti mlangoni, vitambaa vyake nusu vimefungwa, akinitazama mimi, si yeye. Nilitaka kumwomba Bwana Mkaguzi ameze. Sikumwomba. Nilimlea mtoto wangu kwa imani. Ningemwozesha vipi kwa kiapo kilichovunjwa?

Babu alikuwa bado amesimama. "Miaka yote hiyo umekaa na divai mdomoni, na hujameza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na sasa unaona harusi ya binti inavunjika, na bado humezi?"

"Siwezi."

Babu akaegemeza fimbo kwenye kiti na kunyoosha mkono kuelekea glasi ya ami, ile iliyobaki mezani.

"Baba, acha," ami alisema.

"Nyamaza wewe. Mtu asiyeweza kumdanganya Mungu kwa funda moja, ataweza kuniua mimi kwa glasi nzima?"

Akainywa yote. Uso wake ulikunjamana, akafuta mdomo kwa kiganja, akakaa.

"Na chuma kweli ipo," alisema. "Mama Goreti, huyo mbuzi wako anaiva lini?"

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa nusu kilio. Mbuzi alipokuja, nilimpa babu maji asukutue, kisha nyama, kisha divai kutoka chupa ile ile. Alitafuna, akanywa, akaitazama glasi kwenye mwanga wa mlangoni. "Kumbe," alisema, akaisogeza glasi ijazwe tena. Mahari ilipokelewa kabla jua halijazama.

Sasa nimestaafu, ninaishi Yoba, mtaa wa Gitega, na Goreti huniletea wajukuu kutoka Gasorwe wakati wa likizo. Jioni za Jumapili huwa nina glasi ndogo pembeni ya maharage, na huwa nashukuru. Ninyi mnaoingia katika kazi hii, jueni uchachu na ukakasi, lakini ulizeni kwanza nini kiko kwenye sahani, na nani amekaa mbele yake. Kutema ni kwa depo. Mlangoni pa mtu kuna sheria iliyokuwepo kabla ya divai kufika. Hivyo ndivyo nilivyofundisha walionifuata, na nilidhani kwamba hilo ndilo neno la mwisho.

Babu yule aliishi miaka kadhaa baada ya harusi. Kila Krismasi na kila Pasaka alituma mtu dukani kwangu Muyinga na agizo ambalo halikubadilika: "Niletewe ile ambayo yule asiyemeza ameionja." Nami nilipiga simu Gitega, nikauliza, nikatuma.

Alipofariki, tulialikwa Gasorwe kuondoa matanga. Watu wa kilima kizima walikuwepo, wengi wao hawakuwepo siku ile ya mahari. Vinywaji vilipoletwa, ami yake Dezire, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba, alisimama na chupa. Nilisubiri aonje, ameze, kama ilivyo kwetu. Badala yake alipita katikati ya watu mpaka alipokaa Bwana Mkaguzi na koti lake la kijivu, akampa kikombe cha kwanza.

Nilitaka kuinuka nimzuie.

Bwana Mkaguzi aliinuka, akaonja, akafumba macho. Kisha akainama, akatema chini, kwenye udongo wa Gasorwe. Nilitazama huku na huku nikitafuta uso mmoja ulioshtuka kama wangu. Sikuupata. "Asiyemeza ameionja," ami alisema kwa kuridhika, na watu wote wakanyanyua vikombe, wakanywa.