Kijiji Nilichokiandika Bila Kufika

Nilidanganya mara moja katika kazi ya utafiti, na halikuwa jambo dogo. Nilikuwa asistenti wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Kasongo, nafundisha historia na kusahihisha kazi za wanafunzi ambazo wakubwa wangu hawakupenda kuzisahihisha. Nilikuwa binti wa watu nyumbani, na chuoni niliitwa mwalimu. Nilikuwa bado sijazoea kuitwa hivyo.

Kazi yenyewe ilitukusanya watu wanne ambao kwa kawaida tulikuwa tunasalimiana tu uani. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu wa pedagojia, mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sote tulimwita Profesa ingawa cheo hicho alikuwa hajakipata. Wa pili alikuwa mhandisi aliyejenga chemchemi na madaraja ya mbao katika eneo lote hadi Nyangwe. Wa tatu alikuwa mama mmoja muuguzi aliyefanya kazi hospitalini kwa miaka mingi kabla ya kuja kufundisha. Wa nne ni mimi.

Swali lilitoka kwa walimu wa shule za msingi za njia ya Kabambare. Walikuwa wanaandika kwenye madaftari yao ya mahudhurio kwamba watoto, na hasa wasichana, wanapotea darasani kwa majuma mazima, kisha wanarudi bila maelezo. Shirika moja lilikuwa limeahidi kutengeneza chemchemi moja, kuijengea ukuta wa saruji na kuitia bomba, mahali ambapo ingewasaidia watoto kubaki shuleni. Sisi tulitakiwa kusema ni wapi.

Kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake kabla hatujatoka chuoni. Mhandisi alisema ni umbali: msichana anayekwenda mbali kuchota maji asubuhi hawezi kuwahi kengele. Mama muuguzi alisema ni tumbo: wanakunywa maji mabaya, wanaharisha, wanalala nyumbani. Profesa alituomba tusiyalaumu maji kabla ya kutazama walimu wanavyofundisha. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo wao na nilitaka nami nisikike, nilisema tuwaulize wenyewe, tena kwa lugha yao. Mama yangu mzazi ni Mbangubangu wa Kabambare, kwa hiyo lugha ninaijua. Wakakubali mara moja, na kazi ya kuuliza ikaniangukia.

Nilipewa vijiji vitatu na rundo la fishi, yaani karatasi za maswali, zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Fishi moja kwa kila nyumba. Hatukuandika majina ya watu, namba tu. Nilipanda pikipiki nyuma ya dereva niliyemkodi, mguu mmoja juu ya bidoni, dumu la mafuta, na njia ikatutendea kama kawaida yake. Mahali pengine nilishuka nikatembea, yeye akaisukuma pikipiki ndani ya matope.

Vijiji viwili vya kwanza vilikwenda vizuri. Watu walijibu, walicheka matamshi yangu ya mjini, walinipa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nilirudi kila jioni na fishi zilizojaa mwandiko wangu na madoa ya mawese.

Kijiji cha tatu kilikuwa ng'ambo ya mto. Sio mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtoto anauvuka magoti yakiwa makavu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na magogo mawili yaliyokuwa daraja yalikuwa yamechukuliwa. Maji yalipita mekundu, yanakokota matawi. Dereva aliyatazama, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hapa hapapitiki."

"Tungoje?"

"Tungoje mpaka lini? Mvua ingali juu."

Tulirudi hadi shule ya msingi iliyokuwa upande wetu wa mto. Ilikuwa Jumamosi, hapakuwa na mtu. Dereva alilala kwenye benchi. Mimi nilikaa barazani, nikatoa fishi za kijiji cha tatu ili nihakikishe hazikulowa, na zikiwa mikononi mwangu nikaanza kuzijaza.

Sitasema nilikuwa na homa, au kwamba nilishurutishwa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kurudi nyumbani na kazi iliyokamilika. Nilijiambia kwamba kijiji hiki hakiwezi kutofautiana sana na vile viwili. Nilipoanza, nikaona ni rahisi, na baada ya muda nikaona, naona haya kusema, ni jambo la kupendeza. Niliwapa watu watoto wanne, sita, wawili. Niliweka nyumba moja iliyokataa kujibu, kwa sababu kila kijiji kina nyumba ya namna hiyo. Nilibadilisha kalamu. Chemchemi niliiweka mbali kidogo kuliko za vijiji vingine, ili isifanane. Katika fishi moja nilimuumba mjane mzee anayeishi na mjukuu wa kike, asiye na nguvu za kwenda mtoni, anayekinga maji ya mvua kwenye sufuria iliyotoboka. Nikaandika, kana kwamba ni maneno yake: "Siku mvua haipo, mutoto haendi shule, anakwenda kuniletea maji."

Kule Kasongo majibu yalitiwa kwenye kompyuta ya Profesa, siku zile jua lilipochaji betri vya kutosha. Sikuhusika na kazi hiyo, na nilishukuru. Kisha tukaitwa kusikia matokeo. Mhandisi alikuwa na furaha kuliko wote. Alionyesha kwa kidole: kijiji cha tatu ndicho chenye shida kubwa, umbali mkubwa, wasichana wengi wanaokosa masomo. Chemchemi ijengwe kule.

Mama muuguzi alikuwa ameshika karatasi moja tu. Alivaa miwani yake akaisoma kwa sauti, yote, hadi sufuria iliyotoboka.

"Huyu bibi," aliniambia, "ulimwacha katika hali gani?"

"Alikuwa mzima, mama."

"Tukienda kujenga, utanipeleka kwake."

Nikasema nitampeleka.

Nilikaa na jambo hilo majuma kadhaa. Nilifundisha, nilikwenda sokoni, nilikwenda misa. Hakuna aliyenishuku. Kilichonisumbua zaidi ni ule wepesi wa kila mtu kuniamini. Mhandisi aliandika orodha ya saruji. Barua ya kwenda shirika ilipokuwa karibu kutiwa sahihi, nilikwenda nyumbani kwa Profesa. Nilimkuta uani anageuza mpunga uliokuwa unakauka juu ya turubai, anatembea ndani yake bila viatu, akiukokota kwa miguu ili ukauke sawasawa. Mke wake alinipa kiti. Sikukaa.

"Profesa, fishi za kijiji cha tatu nilizijaza mwenyewe. Sikuvuka mto."

Hakusimama. Alimaliza mstari aliokuwa anaukokota, akageuka, akanirudia.

"Fishi ngapi?"

"Zote za kijiji hicho."

"Na za vijiji viwili?"

"Hizo ni za kweli."

"Nitajuaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kufokewa, hata kulia. Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nyumba zote nilizoingia, watu wote walionikalisha na kunijibu kwa uvumilivu, walikuwa wamegeuka waongo pamoja nami.

"Sitawaambia wenzetu," alisema. "Utawaambia wewe, kesho, saa nne."

Kesho yake niliwaambia. Mhandisi aliinuka, akaenda dirishani, akasema bila kunitazama kwamba angejenga ukuta wa saruji mahali pasipohitajika, na watu wangemcheka yeye, sio mimi. Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi yule bibi hayuko."

"Hayuko, mama."

"Nilikuwa nimeanza kumuombea."

Aliitoa ile karatasi kwenye mkoba wake, akaiweka mezani mbele yangu, akatoka kwenda darasani kwake.

Profesa aliamua vijiji vyote vitatu vifanywe upya, na nisiende peke yangu. Nilidhani watamtuma mhandisi anilinde kama mfungwa. Mama ndiye aliyejitolea. Umri wake haukuwa wa kupanda pikipiki siku nzima, lakini alifunga kitenge kiunoni, akapanda, na njia nzima hakunisemesha isipokuwa kuniomba maji.

Katika vijiji viwili vya kwanza watu walitukumbuka, au walinikumbuka mimi. Walishangaa kuulizwa maswali yaleyale. Majibu yao yalilingana kwa sehemu kubwa na yale niliyoleta mara ya kwanza. Mama alikuwa anafananisha karatasi mbili mbili jioni, na siku ya pili aliniambia, "Hizi ulizifanya kweli." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kunipa moyo.

Mtoni tulikuta maji yamepungua. Tulivua viatu tukavuka, mimi nimeubeba mkoba wake, yeye amenishika bega. Ng'ambo alitupokea mama mmoja wa makamo, mke wa mkubwa wa kijiji, ambaye mume wake alikuwa shambani.

"Nyinyi ndio watu wa Kasongo ya maswali?" aliuliza.

"Ni sisi, mama."

"Tulisikia mutakuja wakati ule ya mvua. Tulipika wali, tukachinja kuku. Tukangojea mpaka jua likaanguka. Tukakula sisi wenyewe."

Hakusema kwa hasira. Mama muuguzi alinitazama, akaniachia nijibu.

"Mama, mutusamehe. Nilifika hapo ng'ambo, mto ulikuwa umejaa. Nilirudi. Na niliporudi niliandika kama vile nimefika, na hilo ni kosa langu."

Aliwaza kidogo. Nadhani lile la kuandika halikumshughulisha sana. Lililomshughulisha ni la kwanza.

"Mto unajaa kila mwaka," alisema. "Watoto wetu nao wanabakia hivyo. Shule iko ng'ambo. Maji yakipanda, ni kungojea mpaka yashuke. Wavulana wakubwa wanaogelea na vitabu juu ya kichwa. Musichana, mama yake hawezi kumuachia."

Mama muuguzi alimuuliza kuhusu maji ya kunywa. Mwanamke yule alicheka, akatuongoza nyuma ya nyumba yake, hatua chache tu kupita migomba. Chemchemi ilitoka chini ya jiwe, baridi, safi kiasi kwamba tuliona mchanga ukicheza chini. Mama aliinama, akanywa kwa kiganja, akajifuta kwa kitenge. Kisha akaketi juu ya jiwe akaanza kucheka, kicheko cha kimya kinachotikisa mabega, hata mimi nikashindwa kujizuia.

"Hapa ndipo tulitaka kuleta saruji," alisema.

Tulikaa siku mbili, tukauliza kila nyumba. Nyumba iliyokataa haikuwepo. Wazee walitaka kuzungumza zaidi ya maswali, na safari hii niliandika hata yale yasiyokuwa na nafasi kwenye fishi: daraja la zamani lilijengwa na nani, lilianguka lini, kwa nini halikujengwa tena, nani alizama. Kuna mtoto mmoja alizama. Bibi yake alituambia habari hiyo akiwa anapepeta mchele, na hakuacha kupepeta.

Tulipofika Kasongo, Profesa alisoma kila kitu kwa zaidi ya juma moja. Mhandisi alikuja ofisini kwetu akaomba kuona nilivyochora mto na kingo zake. Alisema mchoro wangu haufai kitu, akachukua pikipiki akaenda kujipimia mwenyewe.

Chemchemi ilijengwa katika kijiji cha pili, ambako maji yalikuwa shida ya kweli. Kuhusu mto, shirika lilisema halijengi madaraja. Mhandisi alikasirika, kisha akachora daraja la miguu la mbao ngumu, lenye kamba za kushika, ambalo wanakijiji wangeweza kulijenga wenyewe. Wanaume walikata miti, wanawake walibeba mawe ya kushindilia nguzo. Alikwenda mara nne kuwasimamia bila kutumwa na mtu. Mara ya mwisho nilimfuata, nikabeba mawe pamoja na wanawake, na hapo ndipo aliponisalimia tena kwa jina langu.

Mimi sikufukuzwa. Profesa aliliondoa jina langu kwenye ripoti, akanizuia kwenda vijijini kwa mwaka mmoja, na katika mwaka huo alinifanya nisahihishe fishi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, moja baada ya nyingine. Nilijifunza kutambua zilizojazwa barazani. Zinakuwa safi mno. Watu wake hawabadilishi mawazo katikati ya jibu, hawaulizi na wao swali, hawana mbuzi anayeingia wakati wa mazungumzo. Nikizikuta, namwita mwanafunzi, nafunga mlango, namwachia nafasi ya kuniambia mwenyewe kabla sijamuuliza. Wengine wananiambia. Mmoja alikana hadi siku ya kutetea kazi yake, akapita kwa alama nzuri, na leo anafundisha chumba cha pili kutoka changu. Tunasalimiana vizuri.

Daraja limetengenezwa upya mara mbili tangu wakati ule, kwa sababu mbao huoza. Mama muuguzi amestaafu na magoti yanamsumbua, lakini bado anauliza habari za mto ule kila mvua zinapoanza, na mkurugenzi, yaani mwalimu mkuu wa ile shule ya kando ya mto, huniletea salamu pamoja na madaftari ya mahudhurio anapokuja Kasongo kuchukua chaki. Mwaka jana aliniambia kwamba katika darasa la sita wasichana wa ng'ambo walikuwa wengi hata akalazimika kutafuta benchi jingine, na akaniuliza kama chuo kina seremala.