Birika la Haramia

Wale wazamiaji walikuja Makangale kutafuta meli ya maharamia, na mimi ndiye niliyewapikia. Mkubwa wao, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka mjini, alitapika kila mashua ilipoyumba, lakini habari za bahari alitufundisha sisi. Kila kilichotoka chini, ati cha haramia. Chungu, cha haramia. Kipande cha ubao, cha haramia.

Siku moja wakapandisha birika la shaba. Akaliinua mbele ya watu: birika la nahodha wa maharamia, la karne na karne. Nami nimesimama na upawa wangu, naona mkono wa birika umezungushwa waya wa redio. Haramia gani huyo wa kuwa na redio? Nikamwambia, "Bwana, birika hili nalijua." Akacheka. "Bi mkubwa, wewe tuangalilie wali usiungue." Kisomo kingi, macho hana.

Baba yangu aliondoka kwa mashua na karafuu za magendo kwenda Mombasa, miaka ile ambayo ukikamatwa nazo umekwisha. Hakurudi. Majirani, midomo yao haina mlango, wakasema ameoa huko, kamtupa mama na watoto. Mama akazeeka na jina hilo, mwachwa. Harusini walimkalisha nyuma. Nawadharau mpaka leo.

Nikaenda nyumbani nikamweleza mama. Akaniuliza, "Waya una mafundo mangapi?"

"Matatu."

"Niliufunga mimi, asubuhi aliyoondoka. Basi hakuniacha."

Akaoga, akavaa nguo nyeupe, akaingia edani. Shehe akaja kutuambia kwamba kisheria eda yake ilishapita, maana huhesabiwa tangu siku ya kifo. Mama akamjibu kwa adabu, nyuma ya pazia: "Najua, Shehe wangu. Lakini wameniita mwachwa miaka yote hiyo. Sasa wanione mjane." Wale wale wenye midomo wakaja na mchele kutoa pole. Mchele nikaupokea; kukaa sikuwakaribisha.

Siku ya tatu mtaalamu akapiga hodi, birika mkononi. Waya ameshauona, na habari za mama zimeshamfikia. Anataka kumhoji mama.

"Mama yumo edani," nikamwambia. "Haonani na mwanamme asiye maharimu wake."

"Mpaka lini?"

"Miezi minne na siku kumi. Birika liache hapo mlangoni."

Akaliacha. Nikampelekea mjane.