Siku Baba Alipomtaja Elia

Utotoni mwangu Madale haikuwa mji. Ilikuwa kijiji cha Wazaramo: nyumba za udongo zilizotawanyika vilimani, mihogo, mikorosho, na vijia ambavyo kila mtu alijua vinaishia kwa nani. Sisi tulikuwa wageni. Baba alitoka Same, Upareni, kuja kufundisha sayansi shule ya msingi, akanunua kiwanja bondeni na kujenga vyumba viwili vya tofali. Majirani walitupenda, hata futari walituletea, lakini Mama alikuwa akisema bado wanatuona watu wa kupita.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bibi Mwajuma, mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha, muuza vitumbua. Yeye ndiye aliyetunza kaburi la Mwenye Mji. Ndivyo walivyomwita mtu wa kwanza kufyeka pori lile na kuweka makazi. Kaburi lilikuwa juu kilimani, limezungushiwa mawe. Iliaminika kwamba kila anayehamia lazima apelekwe pale akatajwe, yeye na mkewe na watoto wake. Asiyetajwa, ardhi haimjui, na yule isiyemjua haimpokei.

Bibi alimwambia Baba mapema, nyumba ikiwa bado haijapigwa hata chokaa.

"Mwalimu, twende nikakutaje kwa mwenyewe."

"Bibi, mie nimeshajitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji," Baba akajibu kwa heshima, ila macho yake yalikuwa yanacheka.

Bibi hakucheka. "Mwenyekiti anakupa kukaa. Hakupi kulala."

Nilikuwa mdogo. Nilidhani anazungumzia usingizi.

Mwaka uliofuata Mama akamzaa Elia. Alikuwa na nywele nyingi, na akilia alikunja ngumi kama mtu anayedai haki yake. Masika yalipokolea akashikwa na homa. Baba alimfunga kwa kanga kifuani, akatembea naye kwenye matope hadi zahanati Tegeta, akarudi naye na dawa. Tukadhani amepona. Kesho yake asubuhi niliamshwa na sauti ya Mama ambayo sijawahi kuisikia tena.

Kumsafirisha hadi Same haikuwezekana. Mvua ilikuwa imekata barabara. Baba akaamua azikwe kiwanjani kwetu. Wanaume wa kijiji walikuja na majembe bila kuitwa. Wakachimba karibu na uzio, shimo likajaa maji. Wakasogea mbele kidogo, kingo zikaporomoka. Wakajaribu nyuma ya jiko, udongo ukamwagika ndani kama uji. Niliwaona wakitazamana.

Mama alikuwa mlangoni na wanawake wenzake. Aliposikia majembe yamenyamaza akaanza kulia upya. "Hata shimo, jamani? Mwanangu akose hata shimo?"

Bibi Mwajuma akamsogelea Baba. Nilikuwa nimeshika suruali yake, nikaogopa kwamba sasa atasemwa mbele za watu. Bibi akaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Mwalimu, kule juu nafasi ipo. Ila umtaje."

Baba akalitazama lile shimo. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto wa pale maji ya mvua hukaa wapi na kwa nini. Angeweza kueleza. Badala yake aliingia ndani, akatoka na Elia kwenye shuka jeupe, akaanza kupanda kilima. Tukamfuata.

Pale kaburini Bibi aliweka ubani kwenye kaa la moto, akasema maneno ya Kizaramo nisiyoyaelewa, kisha akamgeukia Baba. Baba akavua viatu.

"Naitwa Daudi Mbwambo," alisema. "Mke wangu Eliwaza. Binti yangu Upendo." Akaliinua kidogo lile shuka jeupe. "Na huyu ni Elia. Hajajua kutembea bado. Naomba mniangalizie."

Walichimba hatua chache kutoka kwenye yale mawe, na ardhi ilikuwa imara. Mchungaji hakuweza kufika, kwa hiyo Baba mwenyewe alisoma zaburi. Kisha wazee wakainua mikono wakaomba dua, na sote tukaitikia amina. Kuanzia wiki ile hapakuwa tena na mtu wa kutuita wageni. Hakuna aliyetangaza. Iliisha tu.

Nilipokuwa chuoni nilimuuliza Baba kama siku ile aliamini.

"Udongo wa kilimani ni mgumu, Upendo. Hilo nililijua tangu shimo la kwanza. Lakini nilikuwa nimembeba mwanangu na sina wa kumkabidhi. Bibi akanionyesha mtu."

Baba naye ameshaondoka. Baba zangu wadogo walitaka mwili urudi Upareni, wakatukasirikia sana, lakini Mama alikataa katakata, na Baba akalazwa kilimani kando ya Elia. Siku hizi pale pamebanwa na kuta na mageti, na kila mara anatokea mnunuzi wa kiwanja anayeuliza kama makaburi yanahamishika.

Sijui kama ardhi husikia. Mimi ni mwalimu kama Baba, na darasani nafundisha kile ninachoweza kukithibitisha. Ila nimeishi Tabata miaka mingi, na jirani yangu wa ukuta wa pili simjui hata jina. Ningefiwa leo, sijui kama angenifungulia hata geti. Watu wakiniuliza kwetu wapi, nasema Madale. Wakinibishia kwamba Mbwambo ni jina la Upareni, nakubali ni kweli. Nawaambia tu kwamba mdogo wangu alipokosa pa kulala, Madale walimpa.