Shamba Lisilo na Migomba

Maman Pascaline alikuwa amechoka, tena si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, alitoka Kadutu pale Bukavu akaenda kijiji cha Miti kulima shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, Mugisho. Magoti yalishamkataa zamani. Alijikongoja tu ili siku moja amwachie binti yake, Francine, kitu cha kuitwa chake.

Sasa Cyprien, ambaye baba yake ndiye aliyempa Mugisho shamba hilo, akaibuka na maneno. "Hii shamba ni yetu. Mulipewa bwasa tu."

Bwasa! Huku Bushi maana yake ni kuazimwa: unalima maharagwe, na mwenyewe akitaka udongo wake, unaondoka. Mugisho alitoa kalinzi, na kalinzi ni ng'ombe anayetolewa mbele ya watu, shamba liwe lako na la uzao wako, mwingine asilitie jembe. Wazee husema zamani ng'ombe huyo alikwenda kwa mwami, yaani mfalme, mwenye ardhi yote, na taratibu jina la zawadi likawa jina la haki yenyewe. Lakini ng'ombe haandikwi popote, na Placide, shahidi wa mwisho aliyemwona, alizikwa mwaka jana.

Ilibaki alama moja. Kwenye bwasa hakuna anayethubutu kupanda mgomba, maana mgomba hukaa miaka na miaka. Mugisho alipanda arobaini, na baba yake Cyprien hakusema kitu.

Basi Jumamosi moja chefu wa kijiji, Papa Apollinaire, akaja na wazee kukagua alama hiyo, Cyprien akiwafuata nyuma. Walimkuta Pascaline anapalilia.

"Maman, migomba iko wapi?"

"Niliing'oa, papa. Ilikuwa na ugonjwa. Agronome, ule bwana wa kilimo, alisema tuing'oe yote."

"Yote? Hata moja hukubakisha?"

"Hata moja."

Jamani, huyu mama na utii wake! Majirani wote waliambiwa vilevile, na kila mmoja akaacha mistari miwili ya migomba mpakani, migonjwa hivyohivyo, kwa sababu walijua inasema nini. Yeye alichimba hadi mashina. Wazee walitazamana, wakamhurumia kweli.

"Utalima maharagwe mpaka ufe," alisema chefu. "Cyprien hatakugusa. Lakini mugomba, usipande tena."

"Na Francine?"

"Atakuya kuomba kwa Cyprien."

Pascaline alinyoosha mgongo polepole. Akamwendea Cyprien, akamtia jembe mikononi.

"Lima sasa, baba," akamwambia. "Mutoto wangu hatakuya kukuomba. Na mimi nimechoka."

Akafungua kitenge kilichofungwa kiunoni, akakikung'uta udongo, akashika njia ya barabarani. Cyprien alibaki amesimama katikati ya maharagwe, jembe mkononi, hajui aanzie wapi.